Tundu la Msumari katika Darasa la Nne

Nilikaa meza moja na Mwalimu Shingo miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kutia kichwa changu ndani ya boksi lake hata mara moja. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani mimi ndiye mtu mwema wa habari hii. Watu wakishazikwa, sisi tuliobaki tunapenda kujichagulia viti vya mbele katika maisha yao. Mimi kiti changu nakijua kilikuwa wapi.

Jina la Shingo alipewa na watoto. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la nne, mwanamke mrefu, mkavu, asiyeweza kuvuka uwanja wa shule bila kuinua uso juu. Nilimshuhudia akigonga mlingoti wa bendera mara mbili, na mara ya pili aliuomba radhi. Ofisini tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jina lilipomfikia hakukasirika. Alisema ni heri aitwe kwa kiungo anachokitumia, maana wako wengine ambao wangeitwa Mwalimu Mdomo, akanitazama mimi.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufundisha mimea, wadudu na maji yanayochemka, na aliifanya vizuri. Lakini kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa anga. Aliniambia mara moja tu sababu yake. Alipokuwa na miaka tisa alimuuliza mwalimu wake kwa nini mwezi unaonekana asubuhi na jua limeshatoka, akaambiwa apige magoti mbele ya darasa kwa kuleta maswali yasiyo kwenye kitabu. "Nilipiga magoti dirishani," alisema, "na mwezi wenyewe nikawa nauona vizuri zaidi." Alilisema kwa mzaha, lakini nilimwona akijisugua goti.

Tulimwambia elimu ya nyota haifundishiki katika shule kama yetu. Nyota ni za usiku, wazazi hawawezi kuwaachia watoto warudi shuleni gizani, na darubini hatuna.

"Na jua ni nini kama si nyota?" akatuuliza. "Nyota gani nyingine inawafuata mpaka mlangoni?"

Basi akafundisha nyota mchana kweupe. Alisimika fimbo katikati ya uwanja, na kila siku wakati wa mapumziko watoto walipima kivuli chake na kuweka kijiwe pale ncha ilipofika. Siku ambazo mwezi unachelewa kuondoka angani, aliwatoa nje dakika kumi wauchore. Safari moja, baada ya kujaribu wiki nzima, aliwaonyesha Zuhura saa tatu ya asubuhi, kitone cheupe kwenye anga la buluu, na mtoto mmoja akaangua kilio kwa sababu wenzake wote walikiona isipokuwa yeye. Shingo alibaki naye nje mpaka alipokiona. Kipindi alichokimaliza huko nje kilikuwa changu cha hesabu. Nilimnunia siku mbili.

Kila mtoto alikuwa na daftari lenye safu tatu: saa, nilichoona, nisichoelewa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa inajaa haraka. Sheria ilikuwa moja, kwamba mtu asiandike asichokiona kwa macho yake. Kukiwa na mawingu, andika mawingu. Kuna mtoto alichora mwezi wenye macho na mdomo unaocheka, Shingo akamwinamia.

"Huo mdomo uliuona?"

Mtoto akafikiri kwa dhati. "Sikuuona, mwalimu."

"Basi ufute, tusije tukausingizia."

Miaka miwili kabla ya siku yenyewe, alitutangazia kwamba jua lingepatwa. Lingepatwa lote, na kivuli cha mwezi kingepita juu ya paa letu siku ya Alhamisi, saa tano na dakika kumi asubuhi. "Saa za shule!" alisema, akipiga meza mpaka chai yangu ikamwagika juu ya mitihani. "Utadhani walitazama ratiba yetu kwanza." Alieleza kuwa mahali pamoja panaweza kukaa miaka mia tatu na zaidi bila jambo hilo kurudi. Watoto wetu wangeliona siku hiyo au wasingeliona tena maishani, labda wapande ndege walifuate kwingine. "Na hawa watapanda ndege gani?" akauliza. Tangu hapo kila alichofundisha kilikuwa kinaelekea Alhamisi hiyo.

Mume wake alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka shuleni, chumba kimoja chenye harufu ya gundi, na viatu vya mguu mmoja mmoja vikisubiri wenyewe. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, akishafunga kazi, alikuwa akikata maboksi ya katoni kwa kisu cha ngozi. Upande mmoja wa boksi yeye na Shingo walibandika karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, wakaitoboa kwa ncha ya sindano. Upande wa pili ukawekwa karatasi nyeupe. Mtoto analigeuzia jua kisogo, anatia kichwa ndani ya boksi, na jua linaangukia mbele yake kwenye karatasi nyeupe, dogo, lisilodhuru. Walitengeneza maboksi arobaini na sita, kila moja na jina la mwenyewe.

"Tia kichwa uone, mdogo wangu," Shingo aliniambia. Alinizidi miaka mitano, na akiniita mdogo wangu nilijua ananibembeleza. "Dakika moja tu."

"Kesho, dada. Si unaona madaftari haya?"

Kesho hiyo niliisema labda mara ishirini.

Barua ya ofisi ya elimu ilikuja siku nane kabla. Redio ilikuwa imeshawatia watu hofu ya kupofuka, wazazi walikuwa wanapiga simu shuleni asubuhi na jioni, na nadhani huko juu mtu alitafuta namna ya kulala usingizi. Wanafunzi wote wawe madarasani kuanzia saa nne kasoro robo hadi saa sita na nusu. Madirisha yazibwe. Milango ifungwe. Mwanga wa jua usiingie darasani. Mwalimu mkuu alikuwa safarini kwenye mafunzo. Mimi ndiye naibu wake, funguo zote zilikuwa kwangu, na barua nayo ikawa yangu.

Shingo aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Hawa watoto hawatalitazama jua," alisema. "Wataligeuzia mgongo. Ndicho nilichowafundisha mwaka mzima. Wapigie simu uwaeleze, Naibu. Namba hii hapa chini."

"Nitapiga."

"Leo?"

"Nimeshasema nitapiga, dada."

Sikupiga. Niliogopa kuulizwa kwa nini nabishana na barua. Niliogopa kwamba katika watoto arobaini na sita asingekosekana mmoja wa kugeuka na kutoa macho juu, na chini ya ruhusa lingekuwa jina langu. Kama ningekuwa nimetia kichwa ndani ya boksi ningeweza kubishana kwa kujiamini, lakini nilikuwa sijui hata linafanyaje kazi, na niliona haya kulisema. Nilijiambia nitapiga Jumatatu, halafu nikajiambia Jumanne. Jumatano aliponiuliza, nikamwambia wamekataa.

Alisema tu, "Haya," akaenda kuwaambia watoto.

Alhamisi hiyo anga halikuwa na wingu hata la dawa. Tulibandika magazeti ya zamani madirishani, na ilipofika saa iliyotajwa nikapita darasa baada ya darasa nikifunga makufuli kwa nje. Walimu walikuwa wamejigawa, kila mmoja na darasa lake. Nilimwambia Shingo kwamba nikimpata mwingine wa kukaa na darasa la nne, yeye anaweza kubaki nje aone. Alinikata jicho. "Niwaache humo, mimi nikaangalie?" Akaingia na watoto wake. Maboksi yalibaki yamepangana kwenye kona ya ofisi yetu.

Saa tano hivi nikasikia kelele kutoka darasa la nne. Zilikuwa kelele za shangwe, na hizo ndizo zilizonitisha. Nikafungua. Watoto walikuwa wamepiga magoti sakafuni, vichwa vimekutana, na Shingo katikati yao amekaa chini na nguo yake nzuri. Kumbe lile darasa, ambalo halina dari, lilikuwa na tundu kwenye bati, palipokuwa na msumari uliochomoka zamani. Mwanga ulipenya hapo ukashuka mpaka sakafuni, na katikati ya watoto palikuwa na umbo dogo linalong'aa, lisilozidi sarafu. Lakini halikuwa duara. Lilikuwa jembamba, limejikunja, kama ukucha uliokatwa.

Aliyeligundua alikuwa msichana tuliyemwita Kiroboto, kwa sababu hajawahi kutulia kwenye dawati dakika tano. Alikuwa amenyoosha kidole karibu nalo bila kuligusa.

"Mwalimu, jua liko hapa chini," akaniambia. "Limebaki kidogo tu."

"Njoo uone, Naibu," Shingo akasema, akasogea kunipa nafasi. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaisahau hata leo.

Mimi nikatazama juu. Niliona tundu, na kitu pekee kilichonijia ni ule mstari wa barua, mwanga wa jua usiingie darasani. Nikachana karatasi kwenye daftari lililokuwa karibu, nikaitafuna mpaka ikalainika, nikaibandika kwenye ncha ya mpini wa ufagio, nikapanda juu ya dawati na kuisukumiza pale mpaka ikashika. Mtu mzima, naibu wa shule, natafuna karatasi mbele ya watoto. Hakuna aliyecheka. Lile umbo lilitoweka, wakabaki wamepiga magoti kuzunguka saruji. Shingo hakuinuka. Nikatoka, nikafunga kufuli.

Sikufika ofisini. Uwanja ulikuwa umebadilika rangi, na kivuli changu kilikuwa na kingo kali kama kimekatwa kwa wembe. Baridi ikashuka. Ndege waliokuwa wanagombana juu ya paa wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha giza likaja kutoka upande mmoja, mbio, likanipita, nami nikainua uso. Palipokuwa na jua palikuwa na kitu cheusi tii, cha mviringo, na kukizunguka mwanga mweupe umetandazika kama nywele ndani ya maji. Nyota zilikuwa zimetoka. Chini, pande zote za upeo, palikuwa na wekundu wa alfajiri, mashariki na magharibi kwa mpigo. Nililia. Mimi si mtu wa kulia.

Katika ukimya huo nikasikia sauti ya Shingo nyuma ya mlango. Alikuwa anawasimulia. "Sasa," alikuwa anasema. "Sasa hivi limefunikwa lote juu yetu. Zuhura anaonekana sasa. Msiogope, litarudi." Funguo zilikuwa mkononi mwangu, na nilisimama nazo hivyo hivyo mpaka mwanga uliporudi ghafla, nikaingia ofisini nikakaa.

Shingo hakunigombeza. Wiki moja baadaye aliweka madaftari ya darasa la nne kwenye meza yetu, upande wangu, akaenda kufundisha. La juu lilikuwa la Kiroboto. "Saa nne na dakika arobaini: jua la sakafuni limemegwa nusu. Saa tano kasoro dakika tano: limekuwa kama ukucha. Saa tano na dakika tatu: mwalimu wa hesabu ameziba." Kwenye safu ya nisichoelewa aliandika: "Kwa nini?" Nilifungua yaliyofuata, yote arobaini na sita. Waliandika walichokiona, kama walivyofundishwa.

Mwaka huo ulipoisha Shingo alianza kukonda. Sote tulidhani ni uchovu, naye alituacha tudhani. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali. Muhula mpya ulipofunguliwa alifundisha wiki mbili akiwa ameketi, kisha akabaki nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha mumewe. Nilikuwa nakwenda kumwona alasiri nikitoka kazini. Nilimpelekea habari za ofisini, nani kanuna, nani kachelewa, na alicheka pale palipostahili. Siku moja akanikatiza.

"Uliliona?"

Nikajitia hamnazo. "Nini, dada?"

"Ulikuwa nje. Nilisikia funguo zako."

Upande wa mbele nyundo ya mumewe ilikuwa inagonga soli. Nikamweleza yote, baridi, ndege, weusi ule, nywele za mwanga, alfajiri ya pande zote. Alinisikiliza amefumba macho, mikono imetulia juu ya shuka, na akawa ananiuliza kama anavyouliza watoto. Zile nywele zilikuwa ndefu upande gani? Nyota nilizoziona zilikuwa ngapi?

"Na giza lilikaa sekunde ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Wewe?" Akafumbua macho. "Wewe hukuhesabu?" Akacheka mpaka akakohoa, nikamwinua nikampa maji.

Alipotulia nikamwambia na lile jingine. "Ile simu, dada, sikupiga. Hawakukataa. Sikuwauliza."

Alifumba macho tena. Nilidhani amelala, na ningeshukuru kama angekuwa amelala.

"Hilo litanichukua muda, mdogo wangu," alisema. "Na muda sina."

Nililia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Hakuuondoa, wala hakunibembeleza. Baadaye akasema, "Watoto umewaambia?"

"Bado."

"Waambie. Wanadhani hakuna mtu aliyeliona. Wanadhani lilipita bure."

"Nitawaambia."

Nilisema kwa sauti ile ile niliyosemea nitapiga, na sote wawili tuliisikia. Nikaenda kazini kesho yake na keshokutwa, nikapita mbele ya darasa lao, sikuingia. Alifariki siku tisa baada ya mazungumzo yale, Jumapili mchana, mumewe akiwa amemshika mguu kwa sababu alilalamika una baridi. Mumewe alikuja shuleni kuchukua vitu vyake vya mezani, kikombe, rula na miwani ya kusomea. Aliyatazama maboksi kwenye kona, akagusa moja, akatoka bila kuaga.

Watoto wale walikuwa sasa darasa la tano. Jumatatu iliyofuata mazishi niliingia kipindi cha kwanza. Walikuwa wameshafungua madaftari ya hesabu. Niliwaambia wayafunge. Nikawaambia habari ya barua, kwamba kulikuwa na namba ya simu na mimi sikupiga, na kwamba mwalimu wao nilimdanganya, yeye akawafikishia uongo wangu bila kujua. Nikawaambia kwa nini niliziba tundu, na sababu yenyewe ilipotoka mdomoni ilisikika ndogo sana. Halafu nikawaambia nilichokiona. Sikutia chumvi. Niliwaeleza hadi kule kwenye upeo, nikawaambia pia kwamba nilimsikia mwalimu wao akiwasimulia, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Nikamaliza. Mvulana wa dawati la mbele alikuwa analia bila kujifuta. Kiroboto akanyoosha mkono, nikamruhusu, akasimama.

"Mwalimu, lile giza lilikaa kwa muda gani?"

"Sikuhesabu. Wanaojua wanasema dakika mbili na nusu."

"Na pale uliposimama hadi mlangoni kwetu ni mbali?"

"Hatua kumi na mbili." Hizo nilikuwa nimezihesabu baadaye, mara nyingi, watoto wakishaondoka.

Akapiga hesabu kwa midomo, bila sauti, namna ninavyowakataza kila siku.

"Basi muda wa kutufungulia ulikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama afanyavyo jibu lake likilingana na la kwangu, akakaa.